Kambare na Mizani ya Tohara

Miongoni mwa samaki wote wanaouzwa katika mitaa ya Eastlands ya Nairobi, tangu Pumwani na Shauri Moyo hadi Umoja, Kayole na Dandora, nadhani hakuna anayeweza kuwagawa wacha Mungu wa ploti moja kama kambare, ambaye ndugu zetu Wajaluo humwita mumi. Ngege hupikwa akaliwa bila swali, na omena hutiwa nyanya na vitunguu watoto wakashiba. Lakini akiletwa kambare, ngozi yake nyeusi ikiwa tupu, isiyo na gamba hata moja, na masharubu yake manane yamelala kandokando ya kinywa kipana, mmoja atanyosha mkono kwa shukrani na mwingine atauondoa wake kwa kuogopa kumwasi Mola wake. Swali ninalotaka kulitazama ni hili: je, tohara na unajisi wa chakula ni sifa iliyomo katika umbo la kiumbe, au ni jambo litokalo katika matendo ya wanadamu, likamfikia kiumbe asiye na hiari? Swali hili halikomei kwenye sinia, kwa sababu jawabu lake ndilo linaloamua ni nani abebe lawama pale maji yanapoharibika.

Tutazame kwanza jinsi watu walivyogawanyika, maana mgawanyiko wenyewe una elimu ndani yake. Waadventista Wasabato walipofika Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, waliwakuta watu wa ziwani ambao mumi kwao alikuwa kitoweo kama vitoweo vingine, wakawafundisha sheria iliyomo katika Walawi mlango wa 11, kwamba katika vya majini kinacholiwa ni chenye mapezi na magamba. Na hata leo wajukuu wa waumini wale, waliopanga Kariobangi au waliojenga Kayole, hawamtii kambare sufuriani mwao. Jirani yao Mkatoliki au Mwanglikana humla kwa dhamiri iliyotulia, akiyakumbuka maono aliyoyaona Petro kule Yafa, shuka kubwa ikiteremshwa kutoka mbinguni imejaa wanyama wa kila namna. Mwislamu wa Majengo, ambaye aghalabu ni mfuasi wa madhehebu ya Imamu Shafi, naye humla, kwa kuwa windo la majini kwake ni halali wala halihitaji kuchinjwa. Ilhali Mwislamu wa Ithnaasheri humwacha, kwa kuwa katika fiqhi yao samaki halali ni mwenye magamba, na kwa ajili hiyo Msabato wa Kariobangi na Ithnaasheri wa Parklands, watu ambao katika mambo mengine yote ya itikadi wametengana mbali, hukutana katika kumkataa samaki mmoja. Hata Marekani, ambako kambare wa mabwawa na mito ni chakula cha kila siku cha watu wa Kusini, Elijah Muhammad aliwakataza wafuasi wake samaki huyu katika kitabu chake cha mwaka 1967 juu ya namna ya kula, akitoa hoja kwamba ni mla uchafu.

Sababu za makundi haya, ukizichuja, hubaki mbili. Ya kwanza ni utiifu: Mungu ameamuru, na mja hana haki ya kudai hoja kabla ya kutii. Wanazuoni wa sharia wamezoea kuziita amri za namna hii amri za taabudi, yaani zile ambazo hekima yake haikufunuliwa kwetu, kama ilivyo idadi ya rakaa za sala. Sababu ya pili ni siha, kwamba mnyama aliyekatazwa ana madhara ndani yake. Mtetezi mkubwa wa sababu hii alikuwa Musa bin Maimun, mwanachuoni wa Kiyahudi na tabibu aliyeandika kwa Kiarabu na kufariki Misri mwaka 1204, ambaye alishikilia kwamba vyakula vilivyokatazwa si vyema kwa mwili. Lakini kwa insafu yake aliongeza jambo ambalo wengi wa wanaofuata rai hiyo leo hulisahau, nalo ni kwamba mapezi na magamba si sababu ya samaki kuruhusiwa, wala kuyakosa si sababu ya kukatazwa, bali ni alama tu ambazo mtu huzitumia kumtambua aliye bora.

Mimi naiheshimu sababu ya kwanza kuliko ya pili. Mtu anayejizuia kwa ajili ya Mola wake hamsingizii samaki jambo lolote. Mzigo wote ameuweka begani mwake mwenyewe, na nidhamu hiyo ya kuacha kitu kizuri kilicho mbele ya macho ni ibada ambayo hata asiyeiamini anapaswa kuistahi. Lakini anayesema kwamba kambare ni mchafu kwa maumbile yake, huyo ametoa shahada, na shahada yoyote sharti ipimwe.

Basi na tuipime. Kambare hukaa chini ya maji, kwenye tope, na hula karibu kila kinachopita: wadudu, konokono, samaki wadogo, mimea, na mizoga pia. Kando ya matamvua yake, Mungu amemwumbia kiungo kingine cha kuvutia hewa, chenye matawi mfano wa mti mdogo, na kwa hicho huweza kuishi katika maji yaliyoishiwa na pumzi, mahali ambapo ngege angekufa kabla jua halijatua. Na usiku wa mvua, kidimbwi chake kikikauka, hujikokota juu ya nyasi zilizolowa, akijisukuma kwa miiba ya mapezi yake ya mbele, mpaka afike maji mengine. Katika hayo yote sioni uchafu. Naona kiumbe aliyepewa kazi ya kusafisha alipo, akapewa na subira ya kuistahimili kazi hiyo, na kwa sababu hajui kuchagua, mwili wake husema kweli juu ya maji aliyokulia. Akikulia katika maji mema nyama yake ni njema, na akikulia katika maji maovu nyama yake huubeba uovu huo, wala yeye hakuongeza wala kupunguza kitu.

Hapa nitaje, kwa kupita, kisa cha mgeni mmoja. Mwaka 1929 waliletwa katika Ziwa Naivasha samaki wa Kimarekani waitwao besi, kwa ajili ya starehe ya wazungu waliopenda kuvua kwa fimbo na mshipi. Besi ana mapezi na ana magamba, kwa hiyo amefuzu mizani ya Walawi na mizani ya Ithnaasheri, na hakuna mcha Mungu anayemshitaki. Ilhali huyu kambare, mwenyeji wa mito yetu tangu kabla hatujajua kusuka dema, ndiye asimamaye kizimbani. Silitaji hili ili kuwabeza wenye kushika sheria yao, bali kuonyesha kwamba sheria ya magamba na swali la usafi ni mambo mawili mbalimbali, na mwenye kuyachanganya huyadhulumu yote mawili.

Waliolifahamu hili bila ya kufundishwa na kitabu ni wanunuzi wa Gikomba. Nilisimama asubuhi moja penye meza za samaki, nikamtazama mama mmoja akimtengeneza kambare mkubwa aliyekuwa angali akifungua na kufunga kinywa katika beseni lisilo na maji. Alichota jivu kwenye kopo, akampaka mwili mzima mpaka ule utelezi ukashikana na jivu na mkono ukapata pa kukamata. Akamlaza juu ya ubao, akamgonga kichwani mara moja kwa mgongo wa panga, akaivunja miiba miwili ya mapezi kwa kitambaa ili isimchome, ndipo akampasua tumbo. Mzee mmoja mwenye kofia ya viua alikuwa akingojea zamu yake. Akauliza, “Mama, huyu ametoka maji gani?”

“Ni wa Masinga, mzee. Alikuja na gari la usiku.”

“Una hakika si wa mto wetu huu?”

Mama akainua uso, kisu kikiwa mkononi, akamjibu kwa upole, “Mzee wangu, mimi pia nina watoto, na wanakula hiki hiki.”

Mzee yule hakuuliza habari ya magamba, wala hakuuliza dini ya mvuvi. Aliuliza habari ya maji. Na kwa kuuliza hivyo alikuwa amelipeleka swali la tohara mahali linapostahili kupelekwa.

Masinga aliyoitaja mama yule ni bwawa la Mto Tana lililokamilika mwaka 1981, la juu kabisa katika msururu wa mabwawa ya umeme ambao bwawa lake kubwa la kwanza, Kindaruma, lilianza kazi mwaka 1968. Na Masinga likijaa hutanda eneo la kilomita za mraba zipatazo 120. Wavuvi wa kule hutega jioni, kwa sababu kambare ni mlaji wa usiku: mshipi mrefu wenye ndoana nyingi hutandazwa majini, kila ndoana ikiwa imevikwa chambo cha minyoo au cha matumbo ya kuku, na alfajiri huvutwa, wakatolewa ngege wachache, mumi wengi, na pengine mkunga. Maji yale hubeba udongo mwingi wa mashamba ya milimani, na hata mbolea na dawa za mashamba hayo, lakini hayabebi choo cha Nairobi wala maji ya viwanda vyake, na ndiyo sababu jina la Masinga lilikuwa jibu la kumtuliza mzee.

Sasa lishike jambo hili vizuri, kwa maana ndipo ulipo moyo wa makala haya. Sehemu kubwa ya maji yanayotoka mferejini mwetu, tukiyapata, hutoka bwawa la Ndakaini katika milima ya Aberdare, lililokamilika mwaka 1994 juu ya Mto Thika, na Mto Thika ni mtoto wa Tana. Kwa hiyo watu wa Eastlands hunywa maji ya Tana na kuoga kwa maji ya Tana. Lakini maji hayo, yakisha kupita majikoni, vyooni na viwandani mwetu, hayarudi Tana. Huingia Mto Nairobi, ule uanziao katika kinamasi cha Ondiri kule Kikuyu, ukapita katikati ya mji, ukapita Gikomba na Shauri Moyo, ukapita ubavuni mwa jaa la Dandora ambalo taka za mji zimekuwa zikimwagwa tangu miaka ya sabini, ukipokea njiani mto wa Mathare na mto wa Ngong, kisha ukamimina vyote katika Mto Athi. Athi huyateremsha hayo nyanda za Ukambani, akapita Tsavo kwa jina la Galana, akafika baharini karibu na Malindi kwa jina la Sabaki. Nasi twapokea kutoka kwa jirani wa kaskazini maji yanayoweza kunyweka, twampelekea jirani wa kusini maji ambayo sisi wenyewe hatuthubutu kutia mguu.

Na kusini huko, penye makutano ya Athi na Thwake katika Makueni, ndipo palipoanza kujengwa mwaka 2018 bwawa lingine kubwa, lililokusudiwa kushika mita za ujazo milioni 688, kwa ajili ya kunywa, kumwagilia na kuzalisha umeme. Palipo na bwawa pana samaki, na palipo na tope pana kambare. Kambare wa Thwake atakula kilichotoka Dandora, na mtoto wa Makueni atamla kambare huyo.

Fiqhi haikulisahau jambo hili. Wanazuoni wameandika juu ya mnyama aitwaye jalala, naye ni yule ambaye asili yake ni halali lakini amelishwa najisi mpaka nyama yake ikabadilika. Imamu Nawawi, katika Minhaji yake, kitabu ambacho vizazi vya wanafunzi wa pwani yetu wamekisoma miguuni pa mashekhe wao, amelitaja shauri la waliosema kwamba nyama hiyo ni haramu, kisha akachagua kwamba iliyo sahihi zaidi ni makuruhi. Na wote wamekubaliana kwamba mnyama akifungiwa, akalishwa vilivyo safi mpaka nyama yake ikawa njema tena, karaha humwondoka. Kwa kuku zimetajwa siku tatu, kwa mbuzi na kondoo saba, kwa ng'ombe thelathini, kwa ngamia arobaini. Hata wafugaji wa kambare wa siku hizi, wengi wao wasiojua kitu katika Minhaji, huwaweka samaki wao katika maji safi kwa siku kadhaa kabla ya kuwauza, ili harufu ya tope iwatoke. Tafakari hekima iliyomo: sharia haikumhukumu mnyama kwa umbile lake, wala haikumfukuza milele, imemtazama kama aliyedhulumiwa chakula chake, ikaamuru dhuluma hiyo iondolewe.

Lakini lipo jambo moja ambalo wanazuoni wa zamani hawakuweza kuliona, si kwa upungufu wa akili yao, bali kwa kuwa halikuwapo kwa namna hii katika zama zao. Wao waliujua uharibifu wa maji kwa dalili tatu, rangi, ladha na harufu. Risasi, ile madini nzito iliyomo katika betri zilizotupwa na rangi zilizokwanguliwa, haina budi kuingia katika hukumu hii, nayo haibadilishi rangi ya maji wala ladha wala harufu. Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilitangaza matokeo ya uchunguzi wa watoto 328 wanaoishi na kusoma karibu na jaa la Dandora, na nusu yao walikutwa na risasi katika damu kupita kiwango kilichokubaliwa wakati ule. Watoto wale yaelekea waliipata kwa hewa, kwa udongo na kwa maji. Risasi hiyo haiondoki kwa siku tatu za kuku wala kwa siku arobaini za ngamia. Basi ikiwa jicho na pua haziwezi tena kutuambia lililo najisi, wajibu wa kujua haujafutika; umehamia kwa mpimaji wa maji, na kwa kila mwenye mamlaka ya kumtuma mpimaji huyo na kuyatangaza majibu yake kwa wanunuzi wa Gikomba.

Mtu atasema: dhambi hii ni ya nani? Mama wa chumba kimoja Kayole, ambaye mtaa wake ulijengwa bila ya mfereji wa majitaka, hawezi kuulizwa sawasawa na mwenye kiwanda anayefungulia rangi na tindikali mtoni usiku wa manane. Kweli, hawalingani. Aliyelazimika ana udhuru, na aliyeweza kuzuia akaacha kwa kutafuta faida hana. Hata hivyo ipo faradhi ambayo wanazuoni huiita kifaya, isiyomlazimu mtu mmoja kwa jina lake bali huulazimu umma kwa jumla, wakitimiza wachache wote wamesalimika, na asipotimiza hata mmoja wote wamepata dhambi, kama kumzika maiti asiye na jamaa. Kuulinda mto ni katika faradhi za namna hiyo. Mtume amekataza mtu kukojoa katika maji yaliyotuama. Nalo bwawa ni nini ila maji yaliyotuama? Na nabii Ezekieli, katika mlango wake wa 34, amewakemea kondoo walionona waliokunywa maji safi kisha wakayavuruga yaliyobaki kwa miguu yao, wenzao wakawa hawana la kunywa ila tope. Nimelitafuta katika vitabu vya dini shitaka linaloufaa mji unaokunywa Ndakaini na kupeleka Athi, na sikupata lililo karibu kuliko hilo.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Msabato na aendelee kumwacha kambare, kwa kuwa amri aliyoipokea ni ya utiifu na utiifu wake ni mali yake mbele ya Mungu; na Ithnaasheri vilevile; na asiyekatazwa na dini yake ale, akiuliza kwanza kama alivyouliza yule mzee. Lakini pasiwe na mtu, wa madhehebu yoyote, atakayemwita samaki huyu najisi ilhali najisi imetoka katika bomba la nyumba yake au la kiwanda alichokiwekea rasilimali. Mwenye akili na hiari ni sisi, na amri zote za tohara zilizoteremshwa ziliteremshwa kwetu, si kwa kambare.

Nawaomba maimamu wa Majengo na wachungaji wa Umoja na Buruburu, ambao kila juma hutuhubiria usafi wa mavazi, wa mwili na wa moyo, waupe Mto Nairobi hotuba moja ya Ijumaa, moja ya Sabato na moja ya Jumapili, kisha wawaongoze waumini wao kwa pamoja kwenda kuwauliza wenye mamlaka ya mji ni lini mitaa isiyo na mifereji ya majitaka itapata, na ni lini maji ya Athi yanayoelekea Thwake yatapimwa na matokeo yake kubandikwa sokoni.